Msumeno wa Mto Tana

Mtumbwi bado uko hewani, msomaji. Tuliuacha hapo Jumamosi iliyopita, na hapo ndipo tunapoukuta.

Ndani yake wamo watu wawili ambao, kwa adabu ya Wapokomo, hawakustahili hata kukaa mkeka mmoja. Nyuma yupo Dhadho, mvuvi wa Garsen, kijana mwenye mikono ya kazi na mdomo wa porojo. Mbele, amempa mgongo na kujitanda kaniki mpaka puani, yupo Mama Tuneya, mama mzazi wa Kibibi, mke wa Dhadho. Yaani mke aliyekuwa mke mpaka mwezi uliopita, alipofunga mzigo wake na kurudi kwao.

Mama Tuneya alikuwa amekwama ng'ambo shambani na kikapu cha mahindi mabichi. Mtu wa kumvusha hakuna, isipokuwa mkwewe aliyekuwa akikagua migono yake ya kutegea samaki. Akakubali shingo upande, kwa masharti matatu: asimtazame, asimsemeshe, asimguse.

Katikati ya mto kitu kikapita chini ya mtumbwi, kikaunyanyua.

"Mkwe," Mama Tuneya alisema bila kugeuka, "mbona tunapanda juu?"

"Si mimi, mama."

"Basi ni nani?"

Jibu lilikuja lenyewe. Mtumbwi uliteleza mgongoni kwa kile kitu, ukaanguka majini kwa kishindo, na hatua mbili pembeni maji yakapasuka. Si kiboko, maana kiboko wanamjua. Si mamba, maana mamba wanamjua zaidi. Kilichoibuka kilikuwa kirefu na bapa, kinatangulia mbele ya kichwa kama ubao, na huku na huku kimepangwa meno. Kilifyeka kulia. Kilifyeka kushoto. Perege waliokuwa wakiogelea kwa amani yao wakaruka juu vipande vipande.

Kisha ule mkia ukaupiga mtumbwi ubavuni, na Mama Tuneya akaenda majini yeye na mahindi yake.

Dhadho alikuwa na mkuki mkononi. Kitu kilikuwa kimelala wazi mbele yake, mgongo wa rangi ya tope, mpana kama mlango. Kila mvuvi aliyewahi kuchekwa huiota nafasi kama hiyo. Angerusha tu mara moja, jina lake lingeimbwa kutoka Garsen hadi Kinakomba.

Akautupa mkuki kando, akainama, akamkamata mama mkwe makwapani.

"Usiniguse!"

"Mama, utaliwa!"

"Niache niliwe na heshima yangu!"

Hakumwacha. Alimvuta kama anavyovutwa kambare mkubwa, bila kuchagua pa kushika, mpaka miguu ikaingia mtumbwini na kaniki ikabaki inaelea. Dhadho aliiopoa kaniki kwa upondo wa kusukumia mtumbwi, akainyoosha nyuma yake huku amefumba macho, kisha akasukuma mtumbwi kwa nguvu zote hata wakapanda mchangani.

Wakakaa wamepeana migongo. Wote wawili wanatweta.

"Hukunigusa," Mama Tuneya alisema.

"Sikukugusa, mama."

"Na mimi sikuanguka."

"Hukuanguka."

"Vizuri," alisema. Akajitanda kaniki yake yenye tope, akashika njia ya nyumbani kikapu kitupu kichwani, kama malkia.

Dhadho alipumua. Aliona ameponea chupuchupu. Masikini, hakujua kuwa amejifunga kamba mwenyewe shingoni.

* * *

Jua lilipofika utosini, Garsen nzima ilikuwa imekusanyika mahali wanaposukia migono. Dhadho alieleza. Alieleza kwa mikono, kwa magoti, kwa shingo. Alisema mdomo wa kitu kile ulikuwa kama msumeno wa mafundi wa majahazi aliouona Kipini.

"Msumeno ndio nini?" aliuliza mmoja.

"Ni upanga wenye meno."

"Upanga una meno?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema labda kile chombo cha moshi cha Wazungu, kilichopita mwaka jana kikipiga kelele, kilikuwa na mimba, nacho sasa kimezaa.

Tusiwalaumu. Huyu ndiye Dhadho aliyewaapia kwamba amevua kambare mwenye hereni. Ndiye aliyemwambia mkewe mtumbwi umechukuliwa na maji na anakwenda kuutafuta. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne ikajulikana kuwa mtumbwi ulikuwa umefungwa salama kabisa huko kijiji cha Wema, penye ngoma ya harusi, na mwenyewe alikuwa katikati ya uwanja akicheza. Kibibi hakugombana. Alifunga mzigo tu.

Lakini siku hiyo si wote waliocheka. Mpunga wa ng'ambo ulikuwa umeiva, ndege walikwisha kuuanza, na wanawake waliosikia habari ya upanga wenye meno walianza kutazamana. Mmoja akasema hatavuka. Wa pili akasema hata yeye. Mara wakawa nusu ya kijiji.

Hapo ndipo aliposimama Hiribae.

Hiribae alikuwa mganga wa kivuko. Dawa yake, iliyotiwa ndani ya pembe, ilisemekana kufunga vinywa vya mamba, na ni kweli tangu aanze kazi hakuna aliyeumwa pale isipokuwa mbuzi mmoja, ambaye Hiribae alisema hakuwa na adabu. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti na tumbo. Tangu Kibibi arudi kwao, alikuwa na tabia ya kupita mlangoni kwa Mama Tuneya mara tatu kwa siku kuuliza kama wameamka salama.

"Mimi nimefunga mto huu," alisema. "Kila chenye kinywa humo ndani nimekifunga. Sasa huyu anatuambia kuna kinywa kimenipita. Mpunga utaliwa na ndege, watoto walale na njaa, kwa ajili ya ndoto ya Dhadho?"

"Si ndoto, Bwana Hiribae. Nimekiona."

"Na kambare mwenye hereni ulimwona."

Kicheko tena. Kisha kikakatika ghafla, maana Kibibi alikuwa amepenya katikati ya watu.

Alisimama mbele ya mumewe mikono nyuma. Hakuwa mwanamke wa makelele, na ndiyo maana akisema watu walisikiliza.

"Dhadho. Mara moja tu katika maisha yako. Ni kweli?"

"Ni kweli, Kibibi."

"Nani mwingine aliona?"

Macho ya Dhadho yakamtoroka, yakaenda yenyewe mpaka pale Mama Tuneya alipokaa na wanawake wenzake. Watu wote wakayafuata macho yale.

"Mama," Kibibi alisema, "si umevushwa naye leo?"

Mama Tuneya alivuta kaniki ikafunika mdomo. Alimtazama binti yake, akautazama umati. Hiribae alikuwa amejaa tabasamu. Kusema ameona ni kusema ameanguka. Kusema ameanguka ni kueleza nani alimtoa, na alimshika wapi, na mikono yake ilikuwa wapi, mbele ya wanaume wote wa Garsen.

"Mimi nilivuka mto," alisema. "Nikafika. Sikuona kitu."

Loo! Dhadho angeweza kupiga kelele, "Mama, si nilikukamata makwapani?" Maneno yalimfika kooni, yakasimama pale yanamsukuma. Akayameza moja moja kama dawa chungu.

Kibibi alitikisa kichwa polepole.

"Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wa kurudi kwako," alisema kwa sauti ndogo, ya kusikika na Dhadho peke yake. "Tangu asubuhi. Nilikuwa namngoja mama arudi nimuage. Nilisema moyoni, mtu hawezi kudanganya milele, atachoka. Kumbe wewe huchoki."

Akageuka.

"Kesho asubuhi," Hiribae alitangaza, sauti imepata nguvu mpya, "tunavuka kwa miguu pale kwenye kivuko cha chini. Maji yamepungua, yanafika kifuani tu. Nitatangulia mwenyewe na pembe yangu. Anayeogopa abaki na Dhadho amsimulie hadithi."

"Mimi nitakuwa nyuma yako," Kibibi alisema.

* * *

Asubuhi Dhadho aliukuta mtumbwi wake pale mchangani alipouacha. Alikuwa ameamua kwenda kivukoni mapema, akae katikati ya mto na mtumbwi, awazuie kwa nguvu ikibidi. Alipougeuza amwage maji, kidole chake kikakwaruzwa.

Kulikuwa na kitu kimechomeka ubavuni mwa mtumbwi. Cheupe, kirefu kama kidole cha kati, kimechongoka. Alikichomoa kwa kisu.

"Salaam aleikum, yakhe! Mbona waukata mtumbwi wako mwenyewe?"

Alikuwa Abdulsalam, mfanyabiashara wa Kipini, aliyepanda mto kila mavuno yalipokaribia kwa mashua yake iliyojaa chumvi na nguo. Mtu mwembamba, mcheshi, aliyezaliwa pale mto unapoonana na bahari. Dhadho alimwekea kile kitu kiganjani.

Abdulsalam alikigeuza. Akakinusa. Ucheshi ukamtoka.

"Umelipata wapi jino hili?"

"Kwa hiyo ni jino?"

"Nakuuliza umelipata wapi."

"Hapa mtoni. Jana. Lilikuwa mdomoni kwa kitu kirefu kuliko mtumbwi wangu."

"La ilaha illallah. Huyu ni papa upanga! Ni wa baharini huyu. Kwetu huingia mlangoni mwa mto mara moja moja, wavuvi wakimnasa hukata nyavu zao wenyewe wakakimbia." Akatazama maji ya kahawia yaliyokuwa yakishuka. "Mvua zilikuwa nyingi mwaka huu. Alifuata maji makubwa akapanda nayo. Sasa maji yanapungua, njia ya kurudi haioni. Ana njaa na ana hasira."

"Hula watu?"

"Hali mtu. Hufyeka samaki tu, hivi na hivi. Lakini akikufyeka wewe, utakwenda kumshitaki wapi kwamba hakukukusudia?"

Dhadho alitaka kumkumbatia. Jino mkononi! Shahidi wa Kipini! Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na ukweli na ushahidi wake kwa wakati mmoja. Alimshika Abdulsalam mkono, wakakimbia kwenda kivukoni.

Walikuta watu wamejaa ukingoni, wanawake na vikapu vyao, visu vya kuvunia viunoni. Hiribae alikuwa majini tayari, maji yanamfika magotini, pembe ameinua juu, anaimba. Hatua tatu nyuma yake yupo Kibibi, nguo ameikaza kiunoni.

"Simameni!" Dhadho alilia. "Nina jino lake! Muulizeni Abdulsalam!"

Abdulsalam akasema. Alisema vizuri, na kwa muda kidogo Dhadho aliona nyuso zikibadilika. Mwanamke mmoja alirudi nyuma, mwingine akatua kikapu.

Hiribae alilipokea jino, akalitazama, akacheka kicheko kipana.

"Mtu wa Kipini, umekuja leo?"

"Nimekuja sasa hivi."

"Na sasa hivi Dhadho ana jino la baharini." Akawageukia watu. "Jana hakuwa nalo. Mashua ya baharini imefika, jino limepatikana. Mimi sisemi neno. Hesabuni wenyewe."

Watu wakahesabu. Wakacheka. Yule mwanamke aliyetua kikapu akakiinua tena.

Unaona, msomaji, jinsi ukweli unavyoteseka ukikaa mdomoni mwa mtu mbaya!

Hiribae alilitupa jino majini, akaendelea mbele. Maji yakamfika kiunoni. Kibibi akafuata, uso ameukaza, hatazami pembeni. Dhadho alirudi mbio kuuchukua mtumbwi, akaupiga upondo kwa hasira, akauleta ukipasua maji mpaka akaukingamisha mbele ya mkewe.

"Toka njiani," Kibibi alisema.

"Sitoki."

"Dhadho, nimechoka. Toka."

"Nipige, nitukane, uolewe na Hiribae, lakini usivuke hapa."

"Nani amesema naolewa na..."

Hakumaliza. Mbele yao perege mmoja aliruka. Kisha watatu. Kisha kundi zima likaruka kutoka majini kama ungo wa fedha uliotupwa hewani, na Hiribae, aliyekuwa katikati yao maji yakimfika kifuani, akaacha kuimba.

Ule mdomo uliinuka mbele yake. Watu wote waliuona, kila mtu wa Garsen, kutoka shina hadi ncha.

Ulifyeka kulia. Pembe ya dawa ikakatika vipande viwili mkononi mwa Hiribae. Kimoja kikaelea kikaenda zake. Ulifyeka kushoto, na Hiribae akaanguka chali akazama.

Ukingoni kulikuwa na mayowe, vikapu vinakanyagwa, watu wanaparamiana. Dhadho alikwisha kugeuza mtumbwi. Alifika pale Hiribae alipoibuka, akamkamata mkono, mkono ukateleza. Akamkamata shuka, shuka ikabaki mkononi mwake. Lile tumbo lilikuwa zito, na mwenyewe alikuwa anapiga maji hovyo kama mtoto. Mgongo wa rangi ya tope ulikuwa unageuka taratibu kuja.

"Mshike makwapani!"

Sauti ilitoka ukingoni, kali kuliko mayowe yote. Mama Tuneya alikuwa ameingia majini hadi magotini, kaniki imemwanguka mabegani, mkono ameunyoosha.

"Makwapani, mkwe! Kama ulivyonishika mimi jana!"

Kila kichwa ukingoni kikageuka.

Mama Tuneya aliwatazama watu waliokuwa wakimtazama. Alijua amekwisha kusema. Basi akasema yote.

"Ndiyo, alinishika! Nilianguka majini, na kitu hicho nilikiona kwa macho yangu haya mawili, na mtoto huyu akautupa mkuki wake akanitoa mimi! Mnashangaa nini? Dhadho, mvute huyo baba kabla hajawa vipande vipande!"

Dhadho alimshika makwapani. Mtumbwi ukainama upande, karibu upinduke, na mara ukasimama sawa tena. Aligeuka. Kibibi, aliyeufuata mtumbwi majini, alikuwa amepanda upande wa pili, amekaa kwa uzito wake wote, upondo tayari mkononi.

"Vuta," alisema. "Mimi nasukuma."

Wakamvuta na wakasukuma. Waliposhika mchanga Hiribae alitambaa kwa mikono na magoti hadi chini ya kichaka, akaomba nguo.

Na yule mnyama? Alikosa mawindo, akapita kwa kasi, akaingia moja kwa moja kwenye maji mafupi palipokuwa na uzio wa fito wa kutegea samaki. Msumeno ukapenya katikati ya fito ukakwama. Alitikisa. Uzio wote ukatikisika. Akatikisa tena, na tena, kisha akatulia kimya.

"Kanaswa!" Abdulsalam alilia kutoka ukingoni, anaruka kama mtoto. "Papa upanga huyo! Sikuwaambia? Mwacheni achoke, na muuogope mkia!"

Watu wakashangilia. Waliokimbia wakaanza kurudi, kila mmoja akieleza kuwa yeye hakukimbia.

Mtumbwini Kibibi alikuwa hajashuka. Alikaa ameuweka upondo magotini, anamtazama mumewe kama mtu anayesoma maandishi asiyoyazoea.

"Jana ulikuwa unajua mama ameona."

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilimwahidi."

"Wewe? Umekaa na siri? Kutoka jana mchana?"

"Na usiku kucha."

Kibibi aliuma mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika. "Umeteseka sana."

"Hujui tu," Dhadho alisema kwa uchungu wa kweli. "Hujui nilivyoteseka, Kibibi."

Akacheka, kicheko ambacho Dhadho alikuwa hajakisikia tangu ile ngoma ya Wema. Kisha akajikaza, akauliza kama hakimu.

"Paa la nyumba. Ulisema utaliziba. Umeliziba?"

Dhadho alifikiri. Uongo ulikuja wenyewe, mzuri, umevaa na kupambwa, umekaa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Bado," alisema. "Linavuja. Tena zaidi."

"Haya," Kibibi alisema. "Nitarudi. Tutaliziba." Akasimama, akauchomeka upondo majini. "Lakini kwanza nataka kukiona kitu kilichonifanya nimrudie mwanamume mwongo. Twende karibu."

"Abdulsalam kasema tusikaribie."

"Kasema mkia. Sisi tutapita upande wa kichwa."

Wakaenda, polepole, mtumbwi unateleza bila sauti. Mama Tuneya aliwaona, akapiga kelele ya kuwaita, lakini nusu yake ilikuwa kelele ya furaha, nao hawakuigeukia. Maji yalikuwa mafupi na kitu kilionekana chote. Kilikuwa kirefu kama mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Msumeno wenyewe ulikuwa umetokeza upande wa pili wa uzio, na mahali fulani katikati ya safu ya meno palikuwa na pengo moja. Dhadho aliliona pengo lile akajisikia fahari, kama anayemwona mtu wa jamaa yake.

"Ni kikubwa kuliko ulivyosema," Kibibi alinong'ona.

"Niliogopa kusema chote. Mngesema naongeza."

Walifika usawa wa kichwa. Sasa, Dhadho huyu amepasua samaki tangu akiwa na meno ya utotoni. Kambare, perege, mkunga, wote amewashika vichwa, amewatazama macho, wakiwa hai na wakiwa wamekufa, na jicho la samaki ni moja siku zote. Liko wazi, la mviringo, halikutazami wala haliachi kukutazama.

Aliinama juu ya jicho la kitu kile. Lilikuwa kubwa kama kifuu cha nazi, la rangi ya asali.

Likafumba.

Likakaa limefumba kitambo, kama mtu aliyechoka. Kisha likafumbuka, likageuka, likamwacha Dhadho na kumtazama Kibibi.

"Dhadho," Kibibi alisema taratibu sana. "Kimenitazama."

Dhadho hakugeuza kichwa. Samaki hana kope. Samaki yeyote, wa mtoni au wa baharini, hana kope.

"Abdulsalam!" aliita bila kuinua sauti sana. "Papa upanga wa kwenu Kipini, hupepesa jicho?"

Kule ukingoni shangwe ilikuwa ikiendelea. Lakini Abdulsalam alikuwa amesikia. Aliacha kuruka. Alisogea mpaka maji yakamlowesha miguu, akakinga jua kwa kiganja, akakitazama kile kitu kwa muda mrefu kana kwamba hajapata kukiona kamwe.

"Hapana, yakhe," alijibu, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Mrudishe mkeo. Polepole. Usiutie upondo majini, piga kwa mikono."

Chini ya mtumbwi maji yakaanza kuvutwa ndani ya kile kitu, yakitoa mlio mzito na wa taratibu, kama kifua cha mtu mzima anayevuta pumzi.

Ufito mmoja wa uzio ukang'oka.

Kisha wa pili.